Mama Aliyekula Uyoga wa Mukwe Wake

Wamama na wapapa wa kanisa, munivumilie, mi sikusoma sana na maneno yangu yanapenda kuzunguka. Leo nashukuru kwa ajili ya uyoga. Musicheke! Wewe pale nyuma, nakuona.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali hapa. Nilitoka milima ya Masisi, nikaolewa hapa Goma. Bwana yangu alikuwa mupishi kwa Muzungu mumoja upande wa Katindo. Kijana musafi huyo, hata kuni alikuwa anazipangusa! Basi mi nikalilia uyoga wa kwetu, ule mweupe unaota kwenye kichuguu. Naye kwa kunipenda akaingia porini, kwenye mikaratusi, akaona uyoga mweupe, akaukata kwa kisu kidogo juu ya udongo, kama alivyozoea kufanya Muzungu wake. Ulifika hauna hata chembe ya muchanga. Akaonja kidogo, mwingi akaniachia. Nikalamba sahani.

Kesho yake, ndugu zangu, tumbo! Akanibeba mugongoni mpaka dispanseri, na yeye anatapika njiani. Siku iliyofuata nikapata nafuu, tukasema imepita. Kumbe ilijificha tu. Ikarudi na nguvu, macho yakawa manjano. Masista wa dispanseri walinipigania sana, na Mungu akanirudisha.

Lakini huko kwetu habari ilifika hivi: “Mukwe wenu amemulisha muke wake sumu.” Kaka zangu wakashuka kunichukua, mama pamoja nao. Bwana yangu alisimama mulangoni, hakujitetea. Nawaambia, nililia kuliko siku za tumbo.

Kwetu mama mukwe hatazamani na mukwe wake, wala hali mbele yake. Basi mama akauambia ukuta: “Aende atuonyeshe alipoutoa.”

Kule porini mama hakukata, alichimba kwa kijiti. Chini ya udongo muguu wa uyoga ulikaa ndani ya kamufuko keupe.

“Munaona?” akaiambia miti. “Kisu chake kiliacha alama ya ubaya chini. Uyoga wetu hauna mufuko. Muguu wake unashuka kama muzizi mpaka ndani ya kichuguu.”

Wakatembea mbali mpaka kwenye kichuguu. Bwana yangu akachimba, mama akakagua moja moja. Wakarudi nao nyumbani, tukapika.

“Mi sili hiyo,” kaka yangu mukubwa akasema.

“Kaa na njaa yako,” mama akamujibu. Kisha akageuka, akamutazama mukwe wake usoni, akakaa karibu naye, akala. Bwana yangu machozi yanaanguka kwenye sahani.

Kaka zangu walirudi Masisi bila mimi.

Nashukuru masista, nashukuru mugongo ulionibeba, nashukuru mama. Mabinti, uyoga ng'oeni pamoja na muguu wake, muonyeshe mutu anayeujua, akisitasita, tupeni. Lakini mutu aliyekuumiza kwa kutaka kukufurahisha, huyo musimutupe. Mufundisheni, halafu mukae mezani pake.