Mzee Matonya, Dumu la Foleni na Waraka Wangu wa Kuoga

Jumamosi ya tarehe 30 Juni, 2001, Mzee Bartolomayo Matonya, fundi mkuu wa mtambo katika Kitengo chetu cha Visima hapa Dodoma, anatimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi na anastaafu. Sherehe ya kumuaga itafanyika Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi ukumbi wa kantini una harusi. Kamati imenipa mimi, Geofrey Mwakabungu wa masjala, kazi ya kuandika wasifu wake. Kamati haikujua inafanya nini.

Nasema hivyo kwa sababu kuna habari moja ya Mzee Matonya ambayo kila mtu kitengoni anaijua, na si ya kweli. Ni ile ya Unguja, mwaka 1996, kwamba Mzee alizama baharini na Mwakabungu akamwokoa. Habari hiyo niliianzisha mimi, nikailea miaka mitano ikanenepa. Mzee akiondoka Ijumaa kabla haijasahihishwa, ataondoka nayo hadi kaburini. Kwa hiyo wasifu huu una kazi mbili, kumsifu mstaafu na kumvua nguo mwandishi. Tuanze na ile rahisi.

Mzee Matonya aliajiriwa Jumatatu, tarehe 1 Julai, 1968, akiwa kibarua wa kubeba mabomba. Mtambo wa kuchimbia alijifunza kwa kuusikiliza, na hata leo ukikohoa kidogo yeye hujua kipuri kilichochoka kabla wenzake hawajafungua boksi la spana. Mwaka 1985 akawa fundi mkuu. Amechimba kuanzia Zuzu hadi Buigiri na kuanzia Kongwa hadi Manyoni, jumla visima mia mbili na kumi na vinne. Ukimuuliza habari za visima hivyo, atakutajia kwanza vile tisa vilivyotoka vikavu, kijiji kimoja kimoja, pamoja na jina la mwenyekiti aliyempokea. Vyenye maji mpaka umkumbushe.

Vifaa vyake vya kitaalamu ni viwili. Cha kwanza ni kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo futi mbili, ambayo huitumbukiza kisimani kupima kina. Vipimo vya kisasa vilikuja na wafadhili, vikaharibika, kamba ikabaki. Cha pili ni ulimi. Maji ya kwanza ya kila kisima huyaonja yeye. Akiyatema, husema ni chumvi, na siku kumi baadaye maabara wanaleta karatasi yenye neno hilo hilo. Akiyameza hasemi kitu, na akina mama waliozunguka mtambo huanza vigelegele, maana wameshamzoea.

Miaka ile ya kupunguza wafanyakazi, majina yalipokuwa yakibandikwa ubaoni, ni yeye aliyekwenda kumwona mkuu wa kitengo kuwatetea vibarua wawili wa mtambo. Mmoja wao, Charles, ndiye atakayeushika mtambo huo kuanzia Jumatatu ijayo. Mimi siku ile nilikuwa nimejificha stoo, nikisubiri niambiwe kama jina langu lipo.

Sasa Unguja. Soko lilipofunguliwa, Bwana Bhagwanji, ambaye kwa miaka mingi duka lake lilikuwa na rafu tupu na kalenda, alianza kuleta pampu kutoka nje. Akaamua kufanya promosheni, akawapa watumishi wetu kumi na wawili likizo ya siku tatu kisiwani. Barua ya mwaliko iliandikwa kwa Kiingereza na binti yake, Vaishali. Nikakabidhiwa niitafsiri iwe waraka, kwa sababu nilikuwa nimeeneza habari kwamba Kiingereza changu ni cha misheni.

Maneno mawili yalinisumbua. La kwanza lilikuwa katamarani, chombo ambacho tungepanda asubuhi ya siku ya pili. Kamusi ya masjala haikuwa nalo. Neno lililokaa jirani lilihusu ugonjwa wa mtoto wa jicho. Nikaandika "chombo maalumu". La pili lilikuwa kuogelea. Hilo nililijua, lakini niliona ni neno la watoto wa bwawani, halina hadhi ya waraka. Nikaandika hivi: "Asubuhi watumishi watapelekwa kuoga kwa chombo maalumu. Kila mtumishi aje na vifaa vyake." Nikagonga muhuri, nikajipongeza.

Kwa watu ambao bomba lao hutoa maji Jumanne na Ijumaa, kupelekwa kuoga si jambo la kupuuza. Watu walifunga safari na sabuni za mche, madodoki na mawe ya kusugulia visigino. Bi Evelina wa uhasibu alibeba beseni kutoka Dodoma hadi Unguja, kwa basi na kwa boti. Mzee Matonya alikuja na dumu tupu la lita ishirini lenye kizibo. Hoja yake ilikuwa kwamba waogaji ni kumi na wawili, foleni haiwezi kukosekana, na nafasi kwenye foleni ya maji huwekewa dumu. Kamba alikuja nayo pia, kwa kuwa hasafiri bila kamba.

Asubuhi ya tarehe 14 Septemba tulikuta chombo cheupe chenye matumbo mawili, na katikati yake wavu mkubwa wa kukalia. Nahodha, aliyeitwa Mustapha, alilitazama beseni, akalitazama dumu, akatuuliza kwa upole wa watu wa kwao kama tulikuwa tunahama. Kisha akauliza nani kati yetu anajua kuogelea. Ndipo wote tulipoelewa waraka ulikuwa unasema nini. Wenzangu wote walinigeukia mimi, kwanza kwa hasira, halafu kwa matumaini.

Lazima nieleze matumaini hayo. Kwetu ni Tukuyu, milimani. Ziwa Nyasa nililiona nikiwa darasa la nne, kwa mbali, nikiwa nimekaa. Lakini nilipohamia Dodoma watu walisikia jina linaanza na Mwaka, kama majina mengi ya watu wa Ziwa Nyasa, wakadhani nilizaliwa mtumbwini, nami sikuona sababu ya kuwasumbua na jiografia. Kwa miaka saba nilikuwa nimepiga chuku za mawimbi na mamba. Nikanyoosha mkono.

Tulitia nanga karibu na fungu la mchanga. Mustapha akawachukua wenzetu kumi kwa mashua ndogo, akawashusha mahali maji yalipofika magotini. Huko sabuni iligoma kutoa povu. Mkuu wetu, Bwana Optatus Chilongani, alisugua mche mpaka ukabaki nusu, akilaumu kiwanda. Mimi nilibaki chomboni, kwa kuwa mtu aliyejitangaza mwogeleaji hawezi kushushwa magotini. Mzee Matonya alibaki pia. Maji yenye kina asichokijua yalikuwa yanamkosesha raha, akafunga spana kwenye kamba yake, akaitumbukiza, akahesabu mafundo kumi na moja. Akaniambia ni futi ishirini na mbili, na kwamba kama ni yeye angesubiri nahodha arudi.

Nilivua shati, nikawapungia mkono wale wa kwenye mchanga, nikashuka ngazi, nikaachia. Maji ya shingo nilikuwa nimeyasikia kwenye mazungumzo tu. Siku ile yalifika shingoni, yakapita.

Wenzetu walikuwa wametupa mgongo, wanagombana na sabuni, na upepo ulikuwa unavuma kutoka kwao. Walioniona ni Mungu na Mzee Matonya. Mzee alifunga kamba kwenye mpini wa dumu, akalirusha. Likanigonga kipaji cha uso, nami nikalisukuma kwa nguvu zote, nikidhani ni papa. Akalivuta tena, akafunga ncha ya pili kwenye nguzo ya chombo, akalikumbatia dumu lile kifuani na kuruka, na suruali yake na saa yake. Mtu huyu alikuwa hajawahi kuingia katika maji yanayopita magoti. Alinikamata mkanda wa suruali, akaninyanyua kwa bega, akanisukuma hadi ngazini.

Nilipanda bila kutazama nyuma. Nilipofika juu ya wavu ndipo nilipokumbuka kwamba aliyenisukuma bado yuko chini, nikaidaka kamba nikaanza kuvuta. Na hapo hasa, si dakika moja kabla, ndipo mashua ya Mustapha ilipozunguka mbele ya chombo, ikiwarudisha wenzetu. Nao waliona walichokiona. Mwakabungu amesimama wima, kifua mbele, kamba mkononi. Majini, mzee wa miaka hamsini na mitano amelikumbatia dumu, anakohoa.

Mzee alipovutwa juu alitema maji, akapangusa mdomo, akasema ni chumvi, na kwamba kisima hiki tungekifukia. Watu walicheka mpaka Bi Evelina akaangusha beseni baharini. Bwana Optatus akanishika mkono akaniita shujaa. Nilifungua mdomo kueleza, kikaja kikohozi. Kikohozi kilipoisha, nilikuwa nimeshakuwa shujaa, na kusema kweli nilipendezwa. Kilemba kile cha ukoka nikakivaa. Mzee alinitazama mara moja, akaendelea kukamua suruali yake.

Tuliporudi Dodoma, ripoti ya safari niliiandika mimi. Niliandika: "Mtumishi mmoja alizidiwa na maji, akaokolewa na mtumishi mwenzake." Hamna neno la uongo humo. Ila nakala moja niliiweka katika jalada la Mzee Matonya, sehemu ya ajali, na nyingine katika jalada langu, sehemu ya pongezi. Uongo wenyewe ulikuwa hapo, kwenye kupanga majalada, kazi ambayo serikali ilinisomesha.

Mei Mosi iliyofuata nilipewa cheti cha ujasiri, kikatundikwa sebuleni kwangu. Nikafanywa mwenyekiti wa kamati ya usalama kazini, na nimeendesha semina mbili za uokoaji majini, zote kwa chaki ubaoni. Yeye akapewa jina la Mzee Dumu. Alilicheka pamoja nao, na mimi nikawa namwamkia shikamoo ndefu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Ningekuwa naandika kuchekesha tu, ningeishia hapo. Lakini mwaka 1998 alitafutwa msimamizi wa kikosi cha kupima kina cha bwawa jipya. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba kazi ile ni ya Mzee Matonya, na mwenyewe alikuwa ameitaka kwa miaka mingi. Bwana Optatus aliagiza jalada lake. Nililipeleka mimi, kwa mikono miwili, nikasimama mbele ya meza akisoma sehemu ya ajali. Akalifunga, akasema kwa wema kabisa kwamba mzee huyu tusimrudishe kwenye maji. Kazi akapewa mtu kutoka nje. Nami nikalibeba jalada nikalirudisha kwenye rafu yake, nikanyamaza. Niliona aibu siku ile, na sijaacha kuiona.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kwake Makole na rasimu ya wasifu huu. Alivaa miwani, akaisoma mara mbili. Nilimuuliza kwa nini miaka yote hakusema. Akaniambia kwamba pale chomboni alinitazama usoni akaona nimeogopa kuliko nilipokuwa majini, akaona asiniongezee. Baadaye akafikiri nitasema mwenyewe. Mwaka ukapita, na mwingine. Kuhusu bwawa alisema kwamba hilo lilimuuma. Halafu akaongeza kuwa alijua tu ukweli haujapotea, ulikuwa umechelewa masjala, kama kawaida ya masjala.

Alisahihisha mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba aliruka bila woga wowote. Akaomba kalamu, akayakata maneno hayo, akaniambia niandike ukweli, kwamba aliogopa sana. Basi iandikwe hivyo: Mzee Bartolomayo Matonya aliogopa sana, akaruka.

Jumatatu asubuhi niliweka karatasi mpya katika majalada yote mawili, yenye saini ya Bwana Optatus. Inasema hivi: "Tarehe 14 Septemba, 1996, Bartolomayo Matonya alimwokoa Geofrey Mwakabungu." Bwana Optatus aliisoma akiwa amesimama, akakaa chini, kisha akaniomba nimrudishie ufunguo wa kabati la kamati ya usalama. Cheti nimekitoa ukutani, watoto wangu wakiniangalia. Ijumaa Mzee atakipokea mwenyewe, kikiwa na jina lake, na nawaombeni wote mliowahi kumwita Mzee Dumu msimame. Mimi nitakuwa nimeshasimama.

Mzee wetu, asante kwa visima mia mbili na vitano vyenye maji, na kwa vile tisa ulivyotufundisha kuvitaja kwanza. Asante kwa Charles na mwenzake. Kwa upande wangu, asante kwa kila siku niliyoishi tangu Septemba ile. Tunakuombea afya njema, mvua ya wakati wake, na usingizi usiokatizwa na mlio wa mtambo, huko Zuzu unakokwenda na mkeo, Mama Zipora.

Huko amejichimbia kisima chake mwenyewe, futi tisini. Maji ya kwanza aliyaonja, akameza. Amenikaribisha niende kuoga, na ameahidi kunipimia kwa ndoo, yasizidi magoti. Nitakwenda. Sabuni ninayo, ile ile ya Unguja, haijatoa povu hadi leo.