Harriet Kanana, Aliyeuliza Kabla ya Kuuza

Harriet Kanana alizaliwa tarehe 14 Agosti 1970 huko Timau, Meru, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Yekoniya M'Ikiara na Mama Teresiah Karimi. Baba yake alikuwa mlinzi wa wanyama katika shamba kubwa la mifugo upande wa Laikipia, na ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha bunduki. Nyati wakivunja ua, au fisi akiingia zizini, aliyeitwa ni yeye. Harriet alilelewa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba hilo. Baba yake alimruhusu kukaa mlangoni anaposafisha bunduki, kwa sharti kwamba asiguse kitu wala asiongee.

Bunduki za shamba lile zilikuwa za kizamani, za wenzo, zile ambazo mpigaji hushusha na kupandisha mkono wa chuma ulio chini ili risasi nyingine iingie. Mzee Yekoniya alikuwa na utaratibu wake usiobadilika. Kwanza alifungua kopo la mafuta, halafu akatandika kitambaa, ndipo akaleta bunduki. Mdogo wake Harriet, Zadock, anayesoma maneno haya, anakumbuka jinsi Harriet alivyouiga utaratibu huo wakati wa kuosha vyombo. Sabuni ilitangulia, kitambaa kikafuata, sufuria ikaja mwisho, na ndugu yeyote aliyefungua mdomo alifukuzwa jikoni.

Alianza shule ya msingi Timau mwaka 1978. Jumapili tarehe 9 Juni 1985, akiwa darasa la nane, baba yake alifariki kwa risasi katika chumba cha bunduki. Watu waliambiwa kwamba bunduki ilijifyatua akiisafisha, na hivyo ndivyo ilivyosomwa kaburini. Harriet ndiye aliyefika mlangoni kabla ya wengine. Siku kadhaa baadaye alimwambia mama yake kwamba kopo la mafuta lilikuwa bado kwenye rafu, limefungwa, na kitambaa hakikuwa kimetandikwa. Alisema pia kwamba kwa wiki kadhaa baba alikuwa ameacha kuuliza habari za wanyama. Mama alimwomba asilirudie neno hilo mbele ya mtu yeyote, naye akalinyamazia kwa zaidi ya miaka ishirini. Linasemwa leo kwa sababu Mama Teresiah mwenyewe ameomba lisemwe.

Alifanya mtihani wake mwaka huohuo akafaulu, akajiunga na shule ya upili ya wasichana karibu na Nkubu, na kumaliza kidato cha nne mwaka 1989. Aliajiriwa katika duka la vifaa vya kilimo mjini Nanyuki, kisha mwaka 1995 akahamia Nairobi, kwenye duka la mahema na vifaa vya safari. Mwezi Februari 2001 alikuja Dubai kufanya kazi ya usafi hotelini. Mwaka 2004 alipata nafasi katika duka moja la vifaa vya uwindaji, na duka hilo lilipohamia Al Barsha alihama nalo. Mbele waliuza mahema, visu, na glavu za kubebea vipanga, ndege wa kuwindia. Nyuma, kupitia mlango wa chuma, kulikuwa na chumba cha bunduki kwa wateja wenye kibali cha polisi. Meneja wake, Bwana Nick, alipojua kwamba alikulia karibu na bunduki, alimweka huko.

Hapa Dubai ndipo alipokutana na Protas Komba, mpishi kutoka Songea, Tanzania. Walifahamiana kanisani mwaka 2002. Protas anasema siku ya kwanza, kwenye chakula cha baada ya ibada, Harriet alimwambia, "Nipe chumvi," naye akashangaa kuamriwa na mgeni. Alimweleza kwamba kwao mtu husema, "Naomba chumvi." Harriet alimjibu kwamba kwao Kenya akiomba hivyo chakula kitapoa. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 2003, na mwaka uliofuata Mungu akawajalia binti, Damaris. Nyumbani kwao, hadi mwisho, Protas aliomba na Harriet aliamuru, na chumvi ilifika mezani.

Kuna jambo moja la kazi yake ambalo wengi wenu hamkulijua. Bibi Masuda, ambaye yuko nasi hapa, ametaka lielezwe pamoja na majina, na kaka yake amekubali.

Mwezi Oktoba 2006 aliingia dukani Bwana Yaarub, mkazi wa Al Twar, mzaliwa wa hapa ila wa familia iliyotoka Unguja. Alikuwa na kibali chake mkononi. Alisema anakwenda Tanzania kuwinda na rafiki zake, na anataka bunduki ya wenzo ya kizamani. Dukani zilikuwapo mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, ya umbo la zamani sana, na risasi zake zilipangwa kwenye bomba chini ya mtutu. Nyundo yake ilikuwa nje, inaonekana. Ya pili ilikuwa ya baadaye kidogo, nzito zaidi, na risasi zake zilikaa ndani ya tumbo la bunduki. Nyundo ilikuwa imefichwa, na pembeni palikuwa na kitufe cha usalama.

Harriet alimweleza kama alivyomweleza kila mteja. Ile fupi ni nyepesi na hugeuzwa haraka kichakani, lakini bomba lake linataka risasi zenye ncha butu, kwa kuwa zinakaa moja nyuma ya nyingine na ncha kali ingeweza kulipua iliyo mbele yake. Ile nzito hutumia risasi za ncha kali na hufika mbali zaidi, hivyo inafaa mahali pa wazi. Akamuuliza anakwenda kuwinda mnyama gani.

Yaarub akasema, "Yeyote."

Harriet alimsimulia mumewe kwamba hapo ndipo alipoanza kuwa na wasiwasi. Mtu anayenunua bunduki ya kuwinda huongea habari za mnyama hadi umchoke. Huyu hakuuliza umbali, wala shabaha, wala kama inaruhusiwa kwenye ndege. Aliishika ile fupi, akaitazama nyundo yake, akauliza kwa upole, "Nambie kweli, dada. Hii ya zamani, ikitokea ajali, watu huamini kwamba imejifyatua wenyewe?"

 Harriet alisema kitako cha bunduki ni kirefu kwa mkono wake na lazima kwanza kipimwe na fundi. Ilikuwa kweli, ingawa kwa tofauti ndogo tu. Alimpangia arudi. Aliporudi alimwambia hakuna mwindaji anayechagua bunduki bila kuzijaribu zote mbili kwenye uwanja wa shabaha, na kwamba nafasi kwenye klabu yenye uwanja huo itapatikana wiki inayofuata. Waliporudi kutoka uwanjani alimwambia kilengeo cha nyuma cha ile nzito kimelegea, asichague kabla hakijakazwa. Hivyo wiki zilipita. Kila alipokuja alimwekea zote mbili mezani bila risasi, wakaziangalia upya, naye akamuuliza habari za nyumbani kama watu wanavyoulizana wakati mikono ina kazi. Kidogo kidogo alijua kwamba Yaarub alikuwa na mke na mtoto wa kiume, kwamba wote wawili walifariki kwenye barabara ya Hatta mwaka uliotangulia, na kwamba aliyekuwa anaendesha gari ni yeye. Alijua pia kwamba anaishi na dada yake, Masuda. Alimwomba namba ya simu ya nyumbani kwa ajili ya kumwarifu kazi ya fundi ikimalizika, naye akampa.

Nyumbani Harriet alikuwa hali chakula. Protas alimshauri amwambie meneja, naye alimwambia. Bwana Nick alimjibu kwamba kibali ni halali, mteja ni mstaarabu, na kazi ya muuzaji si kusoma mioyo ya watu.

Mwanzoni mwa Desemba, asubuhi, Yaarub aliingia amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, ametulia kuliko siku zote. Utulivu huo ndio uliomtisha Harriet zaidi ya yote yaliyotangulia. Yaarub alisema, "Khalas, leo nachagua," akaweka mkono juu ya ile fupi.

Harriet aliivuta bunduki upande wake wa meza, akauliza, "Bwana Yaarub, unataka kuitumia hii kujiua?"

Alimwambia Protas kwamba ukimya uliofuata aliwahi kuusikia mara moja tu maishani, mlangoni kwenye chumba cha bunduki cha Laikipia.

"Nani kakwambia?" Yaarub aliuliza.

"Baba yangu."

Akamsimulia habari za kopo la mafuta, lile neno alilokuwa amelinyamazia tangu utotoni. Yaarub hakukana. Alikaa chini kwenye sakafu ya duka na kanzu yake nyeupe. Harriet alifunga bunduki zote mbili kabatini, akampigia simu Bibi Masuda, akatoka na Yaarub hadi kwenye gari la mteja huyo. Alikaa naye humo, akiwa ameshika yeye funguo za gari, hadi dada yake alipofika kutoka Al Twar. Bibi Masuda anasema aliwakuta wote wawili wanatazama ukuta wa maegesho.

Kwa kuondoka kazini bila ruhusa, Harriet alitolewa kwenye chumba cha bunduki na kurudishwa kwenye mahema. Hakulalamika. Yaarub alipelekwa kwa daktari, na sasa anaishi Maskati kwa shangazi yake. Bado zipo siku ambazo dada yake hulazimika kwenda huko ghafla. Kwa muda mrefu Bibi Masuda alimpigia Harriet kila Ijumaa baada ya swala, akasema neno moja tu, "Yupo," na Harriet akashukuru, akarudi kwenye shughuli zake.

Lakini hakupata raha kamili. Mwezi Januari 2007 mfanyakazi mwenzake aliiuza ile bunduki fupi kwa mteja mwingine, mtu aliyekuja mara moja, akaichagua upesi na kuondoka. Harriet alikuwa upande wa mahema akamwona akipita nayo, imefungwa ndani ya mfuko wake. Alimwambia mumewe, "Yule mmoja nilimuuliza. Huyu sikumuuliza." Tangu hapo alisoma habari za vifo kwenye gazeti kila siku, na kila lilipotajwa neno uwindaji alisoma mara mbili. Hakuwahi kujua bunduki ile ilikwenda wapi.

Katikati ya mwaka 2008 vitu vilianza kumponyoka kwenye mkono wa kushoto. Alidhani ni uchovu. Kisha kichwa kikaanza kumuuma kila alfajiri, na siku moja akasahau njia ya kutoka kituo cha basi hadi nyumbani, njia aliyoipita kwa miaka. Mwezi Oktoba madaktari waliona uvimbe kwenye ubongo. Daktari alianza kueleza kwa mzunguko, naye akamkatiza kwa heshima, akamuuliza kama utamuua. Daktari alisema ndiyo, ila hajui lini. Protas alilia, Harriet alimshukuru daktari. Alifanyiwa upasuaji mwezi Novemba, akapata nafuu kidogo wakati wa Krismasi, akapika mwenyewe. Mwezi Februari macho yalipungua nguvu, kisha maneno. Alifariki hospitalini, Dubai, Alhamisi tarehe 12 Machi 2009, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa amechagua mwenyewe azikwe hapa, mahali mtoto wake atakapoweza kufika kwa miguu yake.

Kabla maneno hayajamwisha kabisa, alimwita mumewe na mdogo wake karibu. Alikuwa amewasikia marafiki kanisani wakishauriana kumwambia Damaris kwamba mama amesafiri kwenda Kenya. Alisema taratibu, akikusanya neno moja moja, "Msimdanganye mtoto. Mwambieni nimekufa, na mwambieni niliugua nini."

Harriet Kanana ameacha mume, Protas Komba, binti, Damaris, mama, Mama Teresiah Karimi, ambaye hawezi kusafiri na anatusikiliza kutoka Timau kwa simu hii iliyo mezani, mdogo wake, Zadock Mutuma, wa Jumeirah Lake Towers, na ndugu wa Meru na wa Songea.

Damaris yuko mstari wa mbele. Alielezwa juzi na baba yake, kwa maneno yale yale aliyoyaacha mama yake. Tutakapomaliza mtakuja kumshika mkono. Tunawaomba asiwepo atakayemwambia kwamba mama yake amelala, au amekwenda safari. Anajua.

Mungu ampe Harriet pumziko, na amani yake isimwondokee.