Sidi Ashika Usukani

Kijiwe chetu cha Kisauni kilikuwa gogo la mnazi mbele ya kibanda cha Lewa, fundi baiskeli tuliyemwita Spoki. Mwaka ule wa 1943 petroli yote ilikwenda vitani, basi la Malindi likawa la kudra ya Mungu, na Spoki hakupata hata nafasi ya kujikuna. Jumamosi hiyo alikuwa akiziba pancha, sisi watatu tukinywa kahawa: mimi, na Kitsao tuliyemwita Kepteni kwa sababu alirudi kutoka Abyssinia na koti la jeshi, ingawa huko alikuwa mpishi, na Wafula wa reli ya Changamwe, aliyeitwa Behewa kwa ule mwili wake. Habari ilikuwa moja tu: Sidi wa Mtopanga, mke wa Masha mvunja mawe.

— Hadi Malindi kwa baiskeli! alisema Behewa. Na mtoto mchanga mgongoni!

— Si mgongoni, Spoki akamkatiza. Nduguye Sidi, Charo, ni binamu yangu, kanieleza yote. Ilikuja habari kwamba mama yao, Bi Kache, yu taabani, ataka kumshika mjukuu kabla hajafumba macho. Na basi la Malindi hakuna. Masha akampakia Sidi na mtoto kwenye keria, nyuma ya baiskeli yake. Charo akashika baiskeli yake, na rafiki yao Gershom, yule kuli wa bandarini, akashika yake. Mtwapa wakavuka, Kilifi wakavuka, wakalala kwa katekista. Kesho yake, mchangani, Masha akaanguka. Mkono ukateguka. Mama na mwana salama.

— Safari ikaishia hapo, nikasema.

— Ikaanzia hapo! Sidi akajifunga leso kiunoni, akamwambia mumewe, "Kaa nyuma, nipe usukani." Masha akauliza, "Umejifunza lini?" Akajibiwa, "Ukilala baada ya kazi." Mtoto akafungwa kifuani kwa babake, na Sidi akapiga pedali maili thelathini!

— Wallahi, yule si mwanamke wa mchezo, alisema Kepteni. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo maana wa baiskeli huinama. Lakini zile si nguvu za kuinama. Jeshini kuna vidonge, ukimeza huchoki siku mbili. Gershom huvipata melini.

— Vidonge wapi! Behewa akaruka. Upepo wa kusi huvuma kuelekea Malindi. Alitandaza leso ikawa tanga.

— Na uzito wa Masha? Kepteni akauliza.

— Mtu akiteguka mkono hupungua uzito. Sisi wa reli twaijua mizigo.

Nami, nisibaki nyuma, nikasema huenda Malindi yenyewe ndiyo iliyosogea.

Tulikuwa tukicheka alipotokea Gershom mwenyewe, akisukuma baiskeli yenye pancha. Hakuwahi kukaa kijiweni petu.

— Hamjambo, wazee.

— Hatujambo. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kepteni akampa kikombe. Hebu tuambie, Sidi alikula nini?

— Mihogo, kama sisi. Penye mchanga mwingi mimi na Charo tulimsukuma. Mahali pengine alilia huku akipiga pedali. Tulitaka kumpokea, akakataa. Alisema akishuka hatapanda tena.

— Na mama?

— Tulimkuta hai. Sidi hata maji hakunywa, alimlaza mtoto kifuani pa mamake. Bi Kache alikuwa haoni tena. Akamnusa utosini, akampapasa masikio, akacheka: "Haya ya Masha!" Bibi alikaa na mjukuu siku nne, uji akanyweshwa na bintiye. Siku ya tano tukamzika.

Spoki aliacha kupiga pampu.

— Sidi alirudi vipi? nikauliza.

— Vilevile. Masha kwenye keria.

Gershom alipuliza kahawa, akanywa kidogo.

— Mimi mamangu yuko Maragoli, mwaka wa tatu sijamwona. Njia nzima nilimfikiria. Na nyinyi, wenyeji, mama zenu mliwaona lini?

Behewa alitazama miguu yake. Kepteni, ambaye mamake yuko Kaloleni, alianza kufunga vifungo vya koti lake. Wangu mimi yuko Likoni, daraja moja na feri moja tu. Nilitafuta mwezi niliomwona mara ya mwisho, nisiupate. Nikatafuta mwaka.