Francisca Nandonde na Sheria ya Mguu Mmoja

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Francisca Nandonde alizaliwa tarehe 3 Februari 1938, ng'ambo ya Ruvuma, akasoma misheni miaka miwili tu, akaitwa nyumbani kulea wadogo zake, na tarehe 14 Julai 1956 alifunga ndoa na Mikaeli Chilumba, wakajaliwa watoto wawili, Joana na Mateus.

Novemba 1965, vita ilipowafikia, walivuka mto na sufuria moja, wakapewa shamba hapa Mpapura, wakapanda mihogo na mikorosho, lakini mawazo nayo yalivuka, Francisca halali wala hali, na Mikaeli, ambaye tangu ujana huona mvua hata jua likiwaka, akizidi kumtia hofu, mpaka majirani tukasema nyumba ile itakufa kwa kuwaza.

Basi siku moja ya mwaka 1967 Francisca alichomwa na mwiba shambani, akasimama kwa mguu mmoja, Mikaeli akiutoa ule mwiba, huku Francisca akilalamikia nguruwe pori wanaofukua mihogo, paa linalovuja na mama yake aliyebaki ng'ambo, akapepesuka, wakaanguka wote wawili juu ya matuta, na kwa mara ya kwanza tangu wavuke, wakacheka mpaka machozi. Toka hapo akaweka sheria, kwamba nyumbani mwake mwenye wasiwasi ruksa kuusema, ila kwa mguu mmoja, na mguu wa pili ukigusa chini, yamekwisha. Hata balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Hassani, mwaka jana tulipohamia kijiji kipya, alikwenda na malalamiko yake, akaambiwa anyanyue mguu, na mtu mzima yule, haki ya Mungu, alinyanyua! Sheria haikumrudisha mama wala kuziba paa, ila watu walilala usingizi.

Tangu Machi aliugua uvimbe wa tumbo, na Jumapili alimwomba Joana amwinulie mguu chini ya shuka, akasema anaogopa jambo moja tu, kwamba Mikaeli atayarudia mawazo yake. Alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 1975, alfajiri.

Tangu hapo Mikaeli hakula wala hakusema, nasi tuliogopa sana, mpaka leo asubuhi, jeneza likifungwa, aliposhika bega la Joana, akanyanyua mguu, akasema hajui nyumba bila Francisca inakaliwaje, akayumba, akaanguka, akacheka na kulia kwa pamoja, kisha akaomba uji.

Tunawashukuru waganga na wauguzi wa hospitali, majirani waliopika na kuchimba kaburi, na wenzake wa shamba la kijiji. Francisca, miaka minane umetusimamia kwa mguu mmoja, sasa pumzika kwa amani, mama, kwa miguu yote miwili.