Kilio cha Mama Paskalina Nyuma ya Geti la Bluu

Kijiwe chetu kiko Sakina, ubavuni mwa gereji, mahali ambapo gari la Namanga likipita kwa kasi unafunika kikombe kwa kiganja. Benchi ni kiti cha nyuma cha Coaster iliyokufa, tumekipandisha juu ya matofali. Fransiska anauza kahawa chungu na kashata. Ludovick tunamwita CCTV, maana hakuna anayeingia wala kutoka mtaani asimwone. Prosper anauza spea za pikipiki, tunamwita Wakili kwa kuwa hajawahi kukubali kwamba ameshindwa. Mzee Ebenezer, Mmeru aliyehamia mjini kutoka Poli, alikuwa fundi breki mpaka mgongo ulipokataa, tunamwita Breki. Mimi nashona viti vya magari. Asubuhi ninayoisimulia, Breki alifika amenuna, akakaa bila kugusa kahawa.

— Shikamoo mzee, nikamwamkia.

— Marahaba. Ameenda tena.

Hakuna aliyeuliza nani. Mke wake, tunayemwita Mama Paskalina kwa jina lake mwenyewe, alikuwa na wiki kadhaa sasa akiingia kila asubuhi kwenye nyumba yenye geti la bluu, ng'ambo ya barabara, mkabala na benchi letu. Nyumba ilikuwa imepangwa na vijana wageni. Walipohamia, kitu cha kwanza walichofanya ni kuziba madirisha kwa magodoro. Na tangu hapo, ukipita mchana unasikia mwanamke analia humo ndani.

— Ulimuuliza? Fransiska akasema.

— Nilimuuliza. Anasema anafanya kazi. Kazi gani? Anajibu, kazi tu, baba, ya kuongea. Nyie mmewahi kusikia kazi ya kuongea?

— Ipo, akasema CCTV. Sisi hapa tunaifanya, ila hatulipwi.

Breki hakucheka. Akavua kofia, akaiweka gotini.

— Jana amerudi na vidoti.

— Vidoti gani?

— Vyeusi. Hapa nyuma ya sikio, na hapa kwenye kidevu. Vimepangwa kama mtu amepima. Nikamwambia, mama, una nini usoni? Akaenda kunawa.

Lori la vitunguu likapita.

— Mimi nilishasema tangu mwanzo, akaanza Wakili. Lile ni kanisa. Haya makanisa ya siku hizi yanakuwekea alama kwanza, halafu ndiyo unaambiwa sadaka.

— Kanisa halina vazi lile, akasema CCTV. Juzi geti lilifunguka, nikamwona kijana amevaa nguo nyeusi imembana kama ngozi, ina vigololi kila kiungo. Goti, kiwiko, bega. Anatambaa uani kwa miguu na mikono, kinyumenyume. Na mwenzake anamshangilia.

— Kinyumenyume? Fransiska akaweka birika chini. Yesu na Maria!

— Mimi nilifikiri mazoezi. Lakini mazoezi gani mtu anatambaa huku anakoroma?

— Basi ni dawa, akasema Wakili. Wanawajaribia watu dawa. Vile vidoti ni sehemu za sindano.

— Sindano kwenye kidevu, aisee?

— Ndiyo maana ni jaribio!

— Wewe kaa kimya, CCTV akamkata. Hawachukui damu. Wanachukua sura. Siku hizi kuna mashine, inakupima uso, inakunakili wewe mzima. Unabaki nyumbani unakunywa uji, na mwenzako aliyetengenezwa anakwenda kukopa kwa jina lako. Mzee, usije ukashangaa siku moja Mama Paskalina wawili wanakugongea mlango.

Hapo nilimkanyaga CCTV mguu, kwa sababu nilimwona Breki ametazama chini kwa namna ambayo sikuipenda. Kijiwe kinaweza kumla mtu huku kinacheka.

— Kama ni mwanaume, akasema Breki polepole, mngeniambia?

Fransiska ndiye aliyejibu.

— Mzee, mtu anayekwenda kwa mwanaume halii vile.

Hatukuwa tumemaliza hayo geti la bluu lilipofunguka. Akatoka binti mwenye nywele fupi, ameshika chupa kubwa ya chai mkono mmoja na kompyuta ya mapajani imebanwa kwapani. Akaja moja kwa moja kwetu.

— Shikamooni. Mama, nijazie kahawa, watu wangu wanasinzia. Naomba na nafasi nikae, ndani umeme umekatika.

Tukasogea. Anaitwa Nice, akasema, kwao Machame. Wakili hakumpa muda wa kupumua.

— Binti, sisi ni wenyeji hapa. Ndani ya ile nyumba mnafanya nini?

— Gemu.

— Gemu ya mpira?

— Gemu ya kompyuta, baba. Ya kutisha. Dada yetu Evelyn ndiye ameiandika. Kuna kitu kimelala chini ya majivu ya Mlima Meru tangu zamani, si cha dunia hii, kimeanza kuamka. Lakini hatutaki watu waikimbie kama gemu za kufyatua risasi. Tunataka mtu aone kama yuko ndani ya sinema, tofauti ni kwamba sinema inamuuliza yeye aseme nini. Waigizaji ni watu kweli. Wanavaa nguo yenye vigololi, kamera inafuata mwili. Usoni tunawachora vidoti, wanavaa kofia yenye kamera ndogo mbele, inashika mpaka mkunjo wa jicho.

CCTV akatutazama mmoja mmoja.

— Si niliwaambia wanachukua sura?

— Maneno hayo mepesi, akasema Wakili. Tuonyeshe.

Nice akafungua kompyuta magotini. Jua likaipiga, hatukuona kitu zaidi ya nyuso zetu wenyewe. Fransiska akavua kanga yake ya mabegani, tukaishika pembe, vichwa vyote vikaingia chini yake. Asubuhi hiyohiyo, kandokando ya barabara ya Nairobi, tukawa gizani.

Kwenye kioo kulikuwa na migomba na mvua. Mtu anatembea, humwoni, unaona mikono yake tu, imejaa majivu.

— Huyu ni wewe unayecheza, akasema Nice. Unaitwa Danieli, mtaalamu wa matetemeko. Uliteremka kwenye kreta kupima, ukapotea. Sasa umerudi nyumbani. Mama yako yuko ndani, ila hafungui. Wengine waliorudi kutoka huko hawakuwa wao wenyewe tena.

Mlango ukatokea. Juu yake kijidirisha, na kwenye kijidirisha uso. Alikuwa Mama Paskalina. Si mtu wa kufanana naye: ni yeye, na lile kovu dogo juu ya nyusi. Breki akanishika bega, akasogea karibu zaidi na kioo.

— Wewe ni nani? akauliza Mama Paskalina wa kwenye kioo.

Chini yakajitokeza majibu ya kuchagua. Wakili akataka la kwanza, CCTV akasema la kwanza ni mtego.

— Sema wewe ni mwanawe!

— Kila mwongo atasema hivyo! Sema umechoka.

Nice akachagua la kuchoka. Mama akatikisa kichwa.

— Mwanangu akichoka huwa hasemi. Ulipoondoka nilikufungia nini cha njiani?

Tena majibu: ndizi, mkate, hakuna kitu. Wakili na CCTV wakaanza kubishana. Hakuna aliyejua.

— Hapo ndipo panapotisha, Nice akanong'ona. Na wewe unayecheza hujui. Unaanza kujishuku: labda si Danieli, labda ni kile kitu.

Akabonyeza "ndizi". Uso wa mama ukasogea kwenye kijidirisha mpaka ukakijaza. Midomo ikatetemeka, halafu kikatoka kile kilio tulichokuwa tukikisikia kila siku barabarani, ila sasa kina maneno.

— Eliasi! Eliasi wangu, mbona umechelewa hivi?

Nice akasimamisha gemu. Akatoa kichwa nje ya kanga, nasi tukatoka tukipepesa macho.

— Nyie wenyeji mnisaidie kitu kimoja. Skripti imeandika Danieli. Tumerudia mara nyingi, na kila tukifika hapo Mama Paskalina anasema Eliasi. Tukimuuliza anasema tuendelee. Evelyn ameamua aliache, maana hakuna aliyelia hivi mwingine. Eliasi ni nani?

CCTV akainama kufunga kamba za viatu. Fransiska akageuka kuchochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Tulimjua sote. Eliasi alikuwa mtoto wao wa pekee, mpagazi wa wageni mlimani. Alipanda Meru siku ya ukungu, wenzake wakateremka, yeye hakuteremka. Walimtafuta mpaka wakachoka, wakarudi na begi lake tu. Breki alikataa matanga. Alisema hazikwi mtu asiyeonekana, na jina hilo lisitajwe nyumbani kwake mpaka mwenye jina aingie mlangoni. Kijiweni nako tukalifuata agizo hilo, tukadhani ndiyo heshima. Miaka imepita hivyo. Mama Paskalina hakuwa na mahali popote pa kumwita mwanawe, mpaka alipopewa mlango wa kuigiza.

Nice alitutazama, bado anasubiri.

— Nimeuliza vibaya?

Breki akamwambia:

— Rudisha. Nisikie tena.

Safari hii alisikiliza bila kanga, kioo hakionekani, sauti peke yake ikitoka juani. Ilipokwisha akavaa kofia yake.

— Yuko ndani sasa hivi?

— Mama Paskalina? Yupo, anasubiri umeme.

Akavuka, mgongo umepinda, akagonga geti la bluu. Lilifunguliwa, akaingia. Sisi tukabaki. Nilitega sikio nisikie ugomvi, nadhani sote tulitega, lakini hakikutoka kitu. Wakili alijaribu kusema kwamba kisheria mtu ana haki juu ya sura yake, Fransiska akamwambia anyamaze. Nice hakuondoka na kahawa yake. Fransiska alikuwa amemnong'oneza Eliasi ni nani, naye analia taratibu.

Walitoka pamoja, wameongozana. Mama Paskalina alikuwa bado na vidoti usoni, na safari hii hakuvificha. Breki amemshikia mkoba wake, mkoba wa kike, mbele ya gereji nzima. Walipotufikia akasimama.

— Jumapili baada ya ibada, akasema, mje nyumbani. Tunamwombea Eliasi.

Jina lilimtoka kwa shida. Mkewe alimgeukia ghafla akamkazia macho, kama mtu aliyesikia sauti na hajaamini bado inatoka kwa nani. Kisha akamshika mkono juu ya kiwiko.

— Tutakuja, mzee, nikasema.

— Na wewe binti, Mama Paskalina akamwambia Nice. Wewe na wenzako wote.

Wakaondoka kuelekea kwao, polepole kwa sababu ya mgongo wa mzee, na nilimsikia Mama Paskalina akimweleza kitu kirefu, naye Breki akiitikia kila baada ya hatua chache: ndiyo, ndiyo, nakumbuka.