Shimo Kwenye Mstari wa Tuba

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la vyuma la Knudtson, hapa Velmar, Iowa, ambako ukimaliza mahindi unaanza mahindi. Kahawa tunachota kwenye birika la umeme ambalo Knudtson anawawekea wateja wake. Sisi si wateja, ila amechoka kutufukuza. Wa kudumu tuko wanne. Kuna Kanali, ambaye jeshini alimenya viazi tu lakini alirudi na sauti ya kuamrisha. Kuna Profesa, aliyeendesha basi la shule hadi macho yakamgomea. Husoma mpaka maandishi ya nyuma ya boksi la nafaka, na huyaamini. Kuna Redio, msusi mstaafu, huyo hahitaji maelezo. Na kuna mimi, bibi wa mdomo mkali, wananiita Siki. Zamani tulikuwa watano. Vern hajafa, kahamia Arizona kwa binti yake, ambako nasikia hakuna tofauti kubwa. Nafasi yake iko katikati ya Redio na Profesa na haikaliwi na mtu. Basi Jumanne hiyo jua limeshatukalia utosini, na kutoka uwanja wa shule, nyuma ya ghala la mahindi, kuna kitu kinagonga bila kupumua: tok, tok, tok, tok.

— Tangu jana hiyo, akasema Profesa. Mimi bado nasema ni king'ora cha ghala.

— Wewe nyamaza kabisa, nikamwambia. Jana uliwaita zimamoto.

Kweli aliwaita. Wakaja na gari lao jekundu, wakakuta vijana zaidi ya mia wamesimama juani na ngoma na tarumbeta, na spika moja kubwa ikiwagongea mapigo ya kufuata. Zimamoto wakakaa kwenye nyasi wakasikiliza mpaka giza likaingia. Ingeungua nyumba ya mtu siku hiyo, ingeungua kwa muziki.

Kile ni kikosi cha ngoma, kinaitwa Mwewe Wekundu. Kiangazi chote vijana hao wanazunguka nchi kwa mabasi, wanashindana na vikosi vingine, nani anapiga vizuri huku anatembea vizuri. Usiku wanalala sakafuni kwenye kumbi za michezo za shule. Mchana wanarudia kipande kilekile. Wakimaliza, mwalimu anapaza sauti kutoka juu ya mnara: "Mara moja tena!" Wote wanakimbia mbio kurudi walipoanzia. Mara moja hiyo haijawahi kuwa moja.

— Mimi ninachouliza ni kimoja, akasema Redio. Mtoto ana akili zake, ana kitanda chake kwao. Kwa nini aende kule?

Akaniangalia. Nikatazama barabara.

Maana mjukuu wangu Maren alikuwa kule uwanjani. Wiki iliyopita mpiga tuba wao mmoja, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, alivunjika mguu, na kwenye kikosi hakuna mchezaji wa akiba. Kila mtu ana mahali pake palipopimwa. Akitoka, panabaki shimo kwenye mstari, na majaji wanaliona. Jana mwalimu wao akauliza kama hapa mjini kuna kijana anayepiga tuba. Mji mzima ukasema jina moja. Maren ana miaka kumi na saba na nimemlea tangu hajui kufunga viatu. Asubuhi nilimruhusu akajaribu, nikamwambia jibu langu atalipata mchana. Jioni mabasi yanaondoka, na yeye ama yumo ama hayumo mpaka Agosti.

— Nidhamu, akasema Kanali. Wanafuata nidhamu. Samaki mkunje angali mbichi.

— Wanakunjwa wakafanyweje?

— Siki, hujiulizi? Vijana wote hao, mguu mmoja, amri moja. Serikali inawaandaa. Siku ya siku ikifika...

— Watampulizia adui tuba?

— Adui atakimbia! Wewe ulishasimama mbele ya tuba?

— Ninaishi nayo nyumbani. Mimi ndiye niliyekimbilia hapa.

Redio akacheka mpaka kahawa ikamtoka. Profesa hakucheka. Alikuwa anatikisa goti, tok, tok, tok, na hajijui.

— Si serikali, akasema. Ni huo mlio wa kugonga kama saa. Nilisoma mahali, ng'ombe wakipigiwa muziki wanatoa maziwa zaidi. Sauti inaingia kwenye ubongo, inakaa. Mimi mwenyewe tangu jana nikiamka natanguliza mguu wa kushoto. Chooni, kushoto. Jikoni, kushoto. Mke wangu ameogopa.

— Mke wako ameogopa tangu siku ya harusi, akasema Kanali.

— Basi mbona wewe hujaenda kujiunga, kama sauti ndiyo inayovuta? nikamwuliza.

— Umri! Ukifika miaka ishirini na mbili wanakutoa, hata uwe unapuliza kama malaika. Ndiyo sheria yao.

— Ndiyo maana wanakimbia hivyo, akasema Redio. Wanakimbizana na siku ya kuzaliwa. Lakini ninyi wanaume hamjui kitu. Siri ni siagi ya karanga.

— Umeanza.

— Nimeanza na nitamaliza! Nimepita kwenye lile trela lao la jiko. Mkate na siagi ya karanga asubuhi, siagi ya karanga mchana, siagi ya karanga usiku wa manane. Hakuna binadamu anayekula hivyo akabaki na uamuzi wake. Mpwa wangu Corwin alienda kwenye kikosi kama hiki, mtoto mpole, alikuwa anaogopa bata. Akarudi na mchumba kutoka Ohio, kucha mbili za miguu hana, na rangi mbili mwilini, mikono myeupe mwili mweusi kwa jua, sababu ya zile glavu. Nikamwuliza, Corwin, walikufanya nini? Akalia. Akasema, shangazi, nataka kurudi.

— Ngoma ivumayo haidumu, akasema Kanali kwa huzuni.

— Imedumu! Wana watoto watatu.

— Sasa swali ni hilo, nikasema. Anayekwenda analia atoke, akitoka analia arudi. Na wale wasiokwenda? Mjukuu wako yule, Kanali, si anapiga ngoma ndogo vizuri? Kaenda?

Kanali akakohoa.

— Alisema atajiunga mwakani.

— Lini alisema?

— Akiwa kidato cha kwanza.

— Na sasa?

— Sasa anauza bima.

— Huyo aliwaza mno. Wengine wanataka, mifuko haitaki. Wengine mama zao hawataki. Wengine wamesikia bafu ni moja na wao ni wengi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Ndiyo! akadakia Profesa. Wanalala sakafuni, si ndiyo? Methali inawataja hawa!

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumsahihisha. Kule uwanjani muziki ukapanda, ukajaa, ukakatika ghafla katikati. "Mara moja tena!" Viatu vikasikika, vurumai kama ng'ombe wamefunguliwa zizi.

Profesa akainama, akashusha sauti.

— Niwaambie ninachofikiri kweli? Ile michoro wanayochora uwanjani kwa miili yao. Duara, mshale, jicho. Ukisimama chini huoni kitu, unaona watu wanapishana tu. Inaonekana ukiwa juu. Sasa mimi nauliza: nani yuko juu?

— Majaji wako juu, akasema Kanali. Kwenye kibanda, juu ya majukwaa.

— Na juu ya majaji?

Tukatazama juu wote, na mimi pia, Mungu anisamehe. Palikuwa na mwewe mmoja tu.

— Siki, akasema Redio, mchana ndio huu. Utamjibu nini mtoto?

— Jumatatu ana kazi ya kung'oa vishungi vya mahindi, yale maua ya kileleni, shambani kwa Hofstra. Kila kijana wa mji huu ameng'oa vishungi. Mimi nimeng'oa, mama yake ameng'oa.

— Sikukuuliza habari ya mahindi.

— Anaota jua kule, ataota jua huku. Tofauti huku jioni nitamwona. Haya, umeridhika?

Redio akanywa kahawa yake bila kusema neno. Hiyo kwake ni kama mtu mwingine kuzimia.

Ndipo mlio ule ukanyamaza. Tok, halafu basi. Wamekwenda kula. Ukimya ukatuangukia, Profesa akashindwa kutikisa goti. Na kwenye ukimya huo tukasikia mlio mwingine, wa magongo, ukija kwenye lami. Alikuwa msichana, mguu wake umefungwa plasta mpaka gotini, kofia kubwa, mikono myeupe mwili mweusi kwa jua, kama alivyosema Redio.

— Habari za mchana, wazee wangu. Naomba kuuliza kama kahawa inauzwa hapa. Ya kwetu ina ladha ya ndoo.

— Ya hapa pia, nikamwambia. Ila ni ya bure.

— Ahsante, mama.

— Huyu kalelewa, akasema Redio. Wa wapi wewe?

— Texas, mama. Naitwa Ximena.

Kabla hatujasema kitu, alikwishageuka na magongo yake na kujishusha kwenye nafasi ya Vern. Kanali akafungua mdomo. Nikamkazia macho, akaufunga.

— Wewe ndiye shimo, nikasema.

Akacheka.

— Ndiyo, mama. Mimi ndiye shimo. Nilikanyaga pembeni mwa njia, tuba ikaenda huku, mguu ukaenda kule.

— Na mbona hujaenda kwenu? akauliza Kanali. Askari majeruhi anarudishwa nyumbani.

— Baba alinifuata na gari mpaka Missouri. Nikamrudisha. Sasa mimi ndiye ninayebonyeza ile mashine ya kugonga.

— Ni wewe! akasema Profesa, na akavua kofia.

— Subiri, akasema Redio, akamsogelea kwa mwili mzima. Tueleze basi. Tumegombana hapa toka asubuhi. Kwa nini mnajiunga? Ni nidhamu? Ni mchumba? Wanawatia nini kwenye siagi ya karanga?

Ximena akafikiri, akapuliza kahawa.

— Sijui, mama. Nilikuwa na miaka kumi na minne, kikosi kikapita mjini kwetu. Nikasimama kwenye uzio. Wakapuliza, tumbo langu likatikisika. Nikasema nami nitaingia humo. Sijapata sababu nyingine tangu siku hiyo.

— Na mwakani?

— Mwakani hakuna. Umri umekwisha. Mwaka huu ulikuwa wangu wa mwisho.

Nikaitazama ile plasta. Wenzake walikuwa wameandika majina juu yake hadi weupe hauonekani. Sipendi kuhurumia watu, wanazoea. Nikamwuliza nililotaka.

— Huyo mtoto wa hapa mliyemweka kwenye shimo lako leo. Anaweza?

— Maren? Kisigino chake kibaya, mama. Anakanyaga kama mtu anayeua mende.

— Hilo nalijua. Sakafu yangu inalijua.

— Lakini asubuhi hii, walipopuliza, nilikuwa kando na mashine yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nivunjike nikasikia sauti ya chini imejaa. Nikamchukia kidogo. Kisha nikaenda nikamwonyesha kisigino.

Ximena akanyoosha mguu wake, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akaona jinsi Kanali alivyobanwa kwenye ukingo wa benchi, nusu ya kitako hewani. Akaona mimi na Redio tumegandana kama mikate. Akaona nafasi pana aliyokalia yeye.

— Hapa huwa anakaa nani?

— Vern, akasema Profesa. Kahamia Arizona.

— Zamani?

— Mwaka juzi.

— Sasa mbona hamsogei?

Kanali akatazama ukingo wa benchi kana kwamba ndiyo kwanza anauona leo. Profesa akafungua mdomo, yeye ambaye ana jibu la mtu aliye juu ya majaji, akaufunga. Redio akarekebisha nywele. Mimi nilijiambia, Siki, mdomo wako haujawahi kukuangusha, jibu. Haukujibu.

— Si kitu, mama, akasema Ximena. Na sisi tulijaribu kusogea, siku mbili. Mstari wote uliharibika.

Nikainuka. Nikaingia dukani, nikamwambia Knudtson anipe godoro la kupuliza, lile nene, si lile la kuogelea. Akashangaa kuniona nashika pochi. Akauliza kama naumwa. Nilipotoka nikakuta nafasi yangu ipo vilevile, upana wa makalio yangu. Kanali bado ananing'inia. Hakuna aliyesogea hata kidole. Wapumbavu hawa.

Nikalitundika lile godoro shingoni mwa Ximena, maana mikono yake ina magongo.

— Mpe Maren. Mwambie bibi yake amesema sakafu ina baridi.

— Niseme hivyo tu, mama?

— Ataelewa. Na mwambie anyanyue miguu.

Akaenda, magongo yakigonga lami, godoro likimpiga kifuani. Baada ya muda ile mashine ikaanza upya, tok, tok, tok, na goti la Profesa nalo. Kisha wakapuliza. Mimi si mtu wa muziki. Lakini ubao wa benchi ulitetemeka chini yangu, na huko chini nilimjua anayetetemesha.

Redio akaninong'oneza, na kunong'ona kwake kunasikika mpaka posta:

— Sasa jioni utakula na nani?

— Na mdomo wangu. Kunywa kahawa yako.

— Imekwisha.

Kanali akaliinamisha birika, likatoa tone moja na harufu. Kule uwanjani muziki ukakatika katikati, na sauti ikaja kutoka juu ya mnara:

— Mara moja tena!