Marehemu Eliphalet Vandermark na Tone Jekundu Mlimani

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Jotham Pruyn, shemeji wa marehemu, muuza saa niliyezunguka kutoka Boston hadi Havana na bado nikachelewa kanisani leo, niwasomee maisha ya mtu aliyenizidi kwa kila kipimo isipokuwa kilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1824 hapa hapa bondeni, chini ya Milima ya Catskill, mtoto wa tano wa mtengeneza mapipa, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1838, alipopelekwa Albany kujifunza kuandika mabango ya maduka, kazi iliyomshinda kwa sababu kila bango alilitia vilima nyuma ya herufi.

Mwaka 1846 alianza kuchora milima, kiangazi akipanda na daftari lake, majira ya baridi akipaka rangi chumbani New York, na kama ilivyo desturi ya wachoraji wenzake, chini ya kila mlima aliweka mtu mmoja mdogo ili ukubwa wa mlima uonekane. Mtu wa kwanza nilikuwa mimi, nikasimama mwambani nusu siku, na picha ilipoonyeshwa, mnunuzi akauliza yule dubu anakula nini. Nafasi yangu ikachukuliwa na mdogo wangu Keturah, aliyejitanda shali nyekundu, yeye na marehemu wakafunga ndoa tarehe 12 Juni 1849, wakajaliwa watoto wawili, Asahel na Lydia.

Tangu hapo hapakuwa na mlima wa Vandermark usio na tone jekundu, wanunuzi wakilitafuta kwa miwani. Keturah aliomba jambo moja tu, achorwe sura yake, naye marehemu alikuwa akicheka kwamba mke akikuzwa, mlima utapungua, na watu wananunua mlima. Krismasi iliyopita, mezani, Keturah alimwambia mbele yangu: “Eli, wanangu wakitaka kuniona wananyooshea kidole tone la rangi. Nikifa, ndilo utakalowaachia?”

Safari hii marehemu hakucheka; aliisukuma sahani yake kando.

Kifua kilimwanza mwezi Machi, na kufikia Septemba hata ngazi za nyumba zilimshinda, ndipo akamwomba mkewe aketi dirishani. Hakuwahi kuchora sura ya mtu, akaikwangua kwa kisu mara tatu, nami niliyekuwa nikichochea moto nikamfariji kwamba ya pili ilifanana na mimi. Ya nne ilikuwa Keturah mwenyewe, mikunjo ya macho na yote. Alituaga tarehe 2 Novemba 1871, asubuhi, mlima wa dirishani, nyuma ya Keturah, ukiwa bado haujachorwa, turubai tupu.

Picha ndiyo hii kando ya jeneza. Wachoraji wenzake wamejitolea kuumalizia mlima, nikampelekea Keturah habari hiyo njema, naye akasema: “Wauache, kaka. Mlima umeshapata zamu yake.”

Tunamshukuru Daktari Bleecker, aliyekuja hata theluji ilipofunga njia, majirani walioleta kuni na mikate ya mahindi, na wachoraji hao, ambao tunawaomba radhi kwa brashi walizoleta tukawarudishia kavu, bila kutumika.

Shemeji Eliphalet, pumzika kwa amani, mlima upo palepale, atakayetaka kuuona atafungua mlango.